Feni, kiyoyozi, mkeka au beseni la maji: kipi kinamfaa mnyama wako joto likikolea?

Mkeka wa jeli niliununua kwa hamu kubwa. Nikaukunjua sebuleni, nikamwita mbwa. Akaunusa pembe moja hadi nyingine, akaweka mguu mmoja juu yake, akauondoa, kisha akaelekea bafuni kama aliyekumbuka jambo. Nilimkuta nyuma ya choo, amejibwaga kwenye vigae, tumbo chini, miguu ya nyuma kainyoosha kama chura, kidevu kimebanwa sakafuni. Mkeka akaurithi paka. Siku mbili tu. Ya tatu naye akahamia kwenye sinki la kunawia uso.

Pesa iliniuma, sikatai. Ila nilipotulia nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza kabla ya kununua: joto la mnyama huyu linatoka mwilini kwa njia gani?

Njia zenyewe si nyingi. Joto linahamia kwenye kitu cha baridi alichokigusa, au linachukuliwa na hewa inayompitia, au linaondoka na maji yanayokauka mwilini na mdomoni. Kila kifaa cha kumpooza mnyama kinasaidia mojawapo ya njia hizo, na kila mnyama ana ile anayoitegemea kuliko nyingine. Ukivioanisha vizuri, beseni la plastiki linaweza kukishinda kifaa cha bei mbaya. Ukikosea, umenunua pambo la sebuleni, kama mimi.

Mbwa ndiye anayefaa kuanza naye. Mwili wa mbwa mzima mwenye afya huwa na joto la nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo ukimshika ukaona ana moto kuliko wewe, usidhani ana homa. Jasho lake liko kwenye nyayo tu, na ni kidogo mno. Kazi kubwa inafanywa na kutweta: hewa inapita kwa kasi juu ya ulimi na ndani ya pua, mate yanakauka, joto linaondoka nayo. Hili linadai mambo mawili. Kwanza njia ya hewa iwe wazi, ndiyo maana mbwa wa pua bapa kama Bulldog na Pug huzidiwa upesi. Pili hewa isiwe imejaa unyevu, kwa sababu hapo mate hayakauki, na mbwa anatweta bure huku misuli anayotwetea ikizidi kumtia joto.

Feni au kiyoyozi

Feni haipoozi hewa, inaisogeza tu. Wewe unaiona baridi kwa sababu una jasho mwili mzima na upepo unalikausha. Mbwa mkavu aliyelala mbele ya feni hana jasho la kukaushwa, hivyo nafuu anayoipata ni ndogo kuliko unavyofikiri ukimtazama masikio yanavyopepea. Lakini mloweshe tumboni, kwapani na miguuni, halafu iwashe. Sasa umemwazima jasho. Kwa mbwa wangu tofauti huonekana kwenye ulimi: uliokuwa umening'inia, umepanuka nchani kama kijiko, unaanza kurudi ndani.

Chumba chenyewe kikishakuwa na joto la nyuzi 40 hivi, feni inayompulizia mnyama mkavu ni sawa na kumweka mbele ya tanuri lililo wazi. Usimwachie hiyo peke yake ukaondoka.

Kiyoyozi kinapunguza vitu viwili kwa mpigo, joto na unyevu, na kwa mbwa wa pua bapa, mzee, mnene au mwenye ugonjwa wa moyo sioni cha kushindana nacho. Udhaifu wake ni mmoja: umeme ukikatika. Watu humfungia mnyama kwenye chumba cha kiyoyozi, madirisha yote yamebanwa, wakaenda kazini. Umeme ukiondoka saa saba mchana, kile chumba hakina hata ufa wa kupitisha hewa. Ukikitegemea kiyoyozi, mwachie mlango wazi aweze kwenda kwenye chumba chenye kivuli na sakafu ngumu, na maji yawe sehemu mbili, kwa sababu bakuli moja hupinduliwa.

Kuna pia ile feni ya maji, inayopuliza hewa kupitia sponji iliyolowa. Mahali pakavu inafanya kazi vizuri kwa umeme kidogo. Mahali penye unyevu inaongeza unyevu, yaani inamnyang'anya mbwa silaha yake moja. Uamuzi hapa unategemea hewa ya unapoishi, kwa hiyo nimeviweka pamoja:

| Njia | Hewa kavu | Hewa yenye unyevu mwingi |
|---|---|---|
| Feni, mnyama mkavu | nafuu kidogo | nafuu kidogo |
| Feni, mnyama amelowa | nzuri sana | ya wastani |
| Feni ya maji | nzuri | iache |
| Fulana ya kulowesha | nzuri ikiloweshwa tena na tena | inageuka koti |
| Kiyoyozi | kizuri sana | kizuri sana, na hapa ndipo kinapolipa |
| Sakafu ya vigae | nzuri | nzuri vilevile |

Tazama mstari wa mwisho. Vigae havijali unyevu, kwa sababu joto linapita kwa kugusana na hakuna kinachohitaji kukauka. Mbwa wangu alilijua hilo bila jedwali.

Mkeka wa jeli au sakafu tupu

Mkeka wa jeli hauna baridi yake wenyewe. Unafyonza joto la mnyama aliyeulalia, na ukishashiba unakuwa godoro la kawaida mpaka aondoke upumue. Chumba kikiwa na nyuzi 34, mkeka nao uko huko huko kabla hata hajaupanda. Sakafu ya vigae au saruji iliyo juu ya ardhi ni pana na nzito, inachelewa kupata joto, na mnyama akiona pale alipo pameshapata moto anajisogeza hatua mbili tu akapata pengine. Nimemhesabu wangu mchana mmoja: alihama mara tano kati ya choo na mlango, kila mara akitafuta kigae ambacho hajakilalia.

Lakini si kila nyumba ina sakafu hiyo. Kwenye mbao au zulia, au kwa mbwa mzee mwenye maungio yanayouma asiyeweza kulala pagumu, mkeka unashinda. Unafaa pia ndani ya kizimba cha kusafiria. Kwa mtafunaji usiulete kabisa. Jeli na vipande vya plastiki vitaishia tumboni. Huyo mpe chupa kubwa ya maji yaliyogandishwa, izungushie taulo na uiweke ubavuni pake, na ukae ukimwangalia.

Fulana au beseni

Fulana ya kulowesha inauzwa kama suluhisho la matembezi. Mahali pakavu inasaidia kweli, mradi ubebe maji ya kuirudia. Ikikauka au ikipata moto, au hewa ikiwa nzito, umemvisha mbwa nguo ya ziada siku ya joto. Mimi nachagua beseni. Maji ya bomba yanatosha, yafike tumboni akisimama, kwa sababu manyoya ya tumboni na mapajani ni machache na maji yanaifikia ngozi moja kwa moja. Kumwagia mgongoni mbwa mwenye manyoya mazito kunalowesha juu tu, chini mkavu. Mbwa anayeogopa maji usimburute. Kuhangaika nako ni joto.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio la mbwa waliofundishwa kuzamisha kichwa wenyewe kwenye ndoo ya maji baada ya mazoezi. Njia hiyo iliwapooza vizuri kuliko nyingine walizozilinganisha nayo. Ni ujuzi rahisi kufundisha kwa kitu anachokipenda kilichowekwa chini ya maji, siku ambazo hakuna joto. Ni kwa mbwa mwenye akili zake timamu anayejizamisha mwenyewe. Kumshika kichwa ukamzamisha ni jambo jingine kabisa, na usilifanye.

Kunyoa au kuchana

Hapa sisiti: kwa mbwa wenye manyoya ya tabaka mbili, kama Husky, Golden Retriever na German Shepherd, chana, usinyoe. Manyoya laini ya ndani yaliyokufa ndiyo yanayozuia hewa kufika kwenye ngozi. Yakitolewa kwa kitana, tabaka la juu linabaki kama mwavuli dhidi ya jua. Ukinyoa mpaka karibu na ngozi umeuondoa mwavuli, na ngozi inaweza kuungua. Mbwa ambao nywele zao hukua bila kukoma, kama Poodle, hao kupunguzwa ni sawa. Mafuta ya kujikinga na jua ya binadamu usimpake. Anajilamba, na mengi yana zinki ambayo ni sumu kwake.

Asubuhi au jioni

Watu wengi wakisikia mbwa kufa kwa joto hufikiria gari lililofungwa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti kuhusu mbwa wa Uingereza, kutokana na rekodi za kliniki za wanyama zinazokusanywa na Royal Veterinary College. Karibu visa vitatu kati ya vinne vya kuzidiwa na joto vilitokana na mazoezi: kutembea, kukimbia, kucheza mpira. Magari yalikuwa takriban asilimia 5. Yaani hatari kubwa iko mkononi mwako, imefungwa kwenye mkufu wa mbwa, na mbwa mwenyewe hatakwambia basi. Atakufuata mpaka aanguke.

Kwa hiyo saa ya kutoka ina uzito kuliko kifaa chochote, na kati ya asubuhi na jioni mimi ni wa asubuhi. Jioni hewa hupoa kabla ya ardhi. Saa kumi na mbili jua linazama, upepo mzuri, unatoka ukiwa umevaa viatu, na lami aliyoikanyaga mbwa bado ina moto wa mchana kutwa. Jua likiwa kali, hewa ya nyuzi 25 tu inaweza kuendana na lami yenye nyuzi zaidi ya 50. Alfajiri ardhi imekuwa na usiku mzima wa kupoa. Kipimo ni mgongo wa mkono: ubandike juu ya lami sekunde saba. Mimi jioni moja niliondoa ya tatu, nikamgeuza mbwa mlangoni, akanitazama kwa lawama.

Kama jioni ndiyo nafasi pekee uliyonayo, pita kwenye nyasi au udongo, na uchelewe. Siku za joto kali kutotoka kabisa ni chaguo halali. Mfiche chakula ndani ya nyumba akitafute kwa pua, atachoka vilevile.

Kwenda naye kwa gari au kumwacha

Hili ni fupi. Kama utamwacha ndani ya gari hata dakika tano, mwache nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mwaka 2005: gari lililoegeshwa juani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea ndani ya nusu saa ya mwanzo. Nje kukiwa na nyuzi 25, ndani unazungumzia zaidi ya 40 kabla hujamaliza foleni. Kushusha vioo kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Kivuli nacho kinahama.

Wasiokuwa mbwa

Sungura ndiye anayesahaulika, naye ndiye dhaifu kuliko wote. Hatoi jasho la maana, na hatweti kama mbwa. Joto lake linatoka nje kupitia masikioni, ambako mishipa ya damu imetandaa karibu na ngozi. Kibanda cha nje kinachopata jua la mchana kinaweza kumuua siku ambayo mbwa analalamika tu. Kati ya feni na kigae, mpe kigae, tena kilichokaa kwenye friji, na chupa ya barafu iliyofungwa kitambaa. Masikio yapanguse kwa maji ya baridi. Beseni hapana, kuzamishwa kunamshtua, na sungura anaweza kufa kwa mshtuko. Simbilisi mtendee hivyo hivyo.

Paka kwa kawaida hujipangia mwenyewe vizuri kuliko tunavyompangia, sinki likiwa ushahidi, na hujilamba mate yakaukie kwenye manyoya. Kazi yako ni kutomfungia upande mmoja wa nyumba. Ila paka anayehema mdomo wazi si kama mbwa anayetweta. Kwake hiyo ni hatari, usingoje uone. Paka mweupe aliyezoea kuota jua dirishani huungua ncha za masikio, na kuungua kwa miaka kunaweza kuishia saratani ya ngozi, kwa hiyo pazia ni dawa.

Ndege aliyefunua mdomo na kuachanisha mabawa na mwili ana joto. Mnyunyizie maji kama ukungu, mpe kisahani cha kuogea, na uliondoe tundu dirishani. Feni iwe chumbani, isimpulize yeye.

Kwa samaki wa tangini adui si joto peke yake. Maji ya nyuzi 20 hubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba saba na nusu hivi. Wakianza kupanda juu kuvuta hewa, wengi hukimbilia barafu. Pampu ya hewa ni bora. Barafu inashusha joto kwa kishindo, na mabadiliko ya ghafla yanaweza kuwaua kabla ya joto lenyewe. Fungua kifuniko, zima taa, ongeza mapovu.

Akishazidiwa: taulo au maji, kwanza au baadaye

Dalili za mbwa: kutweta kusikokoma hata akiwa kivulini, udenda mzito, fizi nyekundu sana, kisha kuyumba, kutapika, kuanguka, kifafa. Hapo kuna chaguo mbili ambazo watu wamekuwa wakizifanya vibaya kwa sababu ya ushauri wa zamani.

Ya kwanza ni mpangilio. Kwa miaka watu waliambiwa wakimbilie kliniki. Leo ushauri ni kupooza kwanza, kusafirisha baadaye, kwa kuwa madhara yanatokana na kiwango cha joto na muda ambao mwili umekaa nacho. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2023 ulikuta ni mbwa wawili tu hivi kati ya kumi waliopoozwa kabla ya kupelekwa. Piga simu kwa daktari wa wanyama huku mwingine anamwaga maji. Ukiwa peke yako, maji kwanza.

Ya pili ni njia yenyewe. Taulo lililoloweshwa na kufunikwa juu ya mbwa ndilo analolikumbuka kila mtu, na ndilo dhaifu kuliko yote: ndani ya dakika chache limepata joto lake, na sasa limemfunika kama blanketi. Bora maji yamwagike juu yake mfululizo. Mbwa kijana mwenye afya aliyezidiwa baada ya kukimbia, mzamishe mwili kwenye maji ya baridi, kichwa ukikiinua juu muda wote. Mzee au mgonjwa, mmwagie maji mwili mzima na umpulizie upepo: feni, madirisha ya gari yaliyofunguliwa, hata kipande cha kadibodi. Usihangaike kutafuta maji ya joto fulani. Yakiwa na baridi kuliko mbwa, yanafaa. Anayeyumba au asiye na fahamu usimtie maji mdomoni, yataingia mapafuni.

Kama una kipimajoto, cha njia ya haja kubwa, acha kumpooza kikisoma nyuzi 39.5 hivi, kwa sababu mwili huendelea kushuka wenyewe na unaweza kupitiliza ukawa baridi mno. Kama huna, simama kutweta kukishatulia. Halafu mpeleke hata kama ameinuka na anatikisa mkia, kwa sababu figo, ini na kuganda kwa damu vinaweza kuharibika na dalili zisionekane mpaka kesho au keshokutwa. Njiani gari liwe na kiyoyozi au madirisha wazi, mbwa akiwa bado amelowa. Usimkaushe.